Kaunta Buku ya Marehemu: Siku Nne, Kigogo Hadi Pugu

Alhamisi, Oktoba 31, 2024. Kigogo

Leo sisi wa jumuiya, waumini Wakatoliki wa mtaa wetu, tumefunga mwezi wa Rozari. Tangu tarehe mosi tumekuwa tukizunguka nyumba kwa nyumba kila jioni, watoto wakitangulia na viti vya plastiki vichwani, na leo zamu ilikuwa kwa Mama Mwenyekiti. Uani tulijaa hadi wengine wakakaa kwenye ukingo wa karo. Mbu nao walisali nasi.

Baada ya Litania ya Bikira Maria, Mama Mwenyekiti hakutupa hata nafasi ya kunyoosha miguu. "Keshokutwa tunakwenda Kinondoni kuwaombea marehemu wetu," alisema, "na mwaka huu wenzetu wa Mabwepande wanakuja." Hakuna aliyejibu. Kwenye jumuiya yetu kimya cha namna hiyo kinatisha kuliko kelele.

Kwa asiyeijua Kigogo nieleze kidogo. Nyumba zetu zinashukia bonde la Mto Msimbazi. Desemba 2011, kuanzia tarehe 20, mvua ilinyesha mfululizo, mto ukapanda, ukatufuata vitandani. Watu walikufa mabondeni, wengine wakahifadhiwa kwenye madarasa ya shule, na mwanzoni mwa 2012 serikali ikawahamishia waathirika Mabwepande, kule upande wa Bunju. Jumuiya yetu ikakatika mapande mawili. Waliobaki Kigogo tukaendelea kukutana kila Jumamosi alfajiri kama kawaida. Waliokwenda Mabwepande wakaanza upya na mahema. Na mpaka leo kila upande unaamini kwamba wenyewe ndio uliotelekezwa.

Halafu kuna hela. Mfuko wa maafa ulikuwa na shilingi 340,000, zikiwa mikononi mwa Mweka Hazina wetu, naye akahama nazo. Bado tunamwita Mweka Hazina, ingawa cheo hicho kimeshashikwa na watu watatu baada yake. Yapo na majina mengine anayoitwa, siyaandiki.

Mimi ni katibu, na kwa siku zangu za kazi nauza steshenari Kariakoo, kwa hiyo mtanisamehe nikiongelea daftari kwa urefu. Kaunta buku ya jumuiya ni ya “quire” tatu, kipimo cha unene wa daftari, jalada gumu, zamani lilikuwa jekundu. Mbele kuna mahudhurio na michango ya miaka ya nyuma. Nyuma, ukiigeuza kichwa chini, kuna orodha ya marehemu wetu tangu 1987. Usiku ule wa mafuriko ililowa yote. Aliyeiokoa ni bibi jirani yetu, Mwislamu, mtu wa dua na tasbihi. Aliikuta kwenye tope mlangoni kwake, akaifumua uzi, akaanika karatasi moja moja kwenye kamba ya nguo kwa vibanio. Alama za vibanio zipo hadi leo kwenye pembe za juu, vidoto viwili viwili vya kutu.

Majina yaliyoandikwa kwa peni ya kawaida yalipona, maana wino wake una mafuta. Yaliyoandikwa kwa peni ya wino wa maji yaliyeyuka yakawa mawingu ya bluu. Majina kumi na moja yalipotea hivyo. Kila mwaka siku ya marehemu msomaji akifika kwenye wingu ananyamaza, na watu wanasema wanachokumbuka: alikuwa mrefu, aliimba sauti ya nne, alikufa Pasaka. Mara mtu anapiga kelele, "Ah! Yule!" Kwa njia hiyo tumeyarudisha majina kumi. Limebaki moja, la mwisho kuandikwa kabla ya mafuriko. Herufi tatu tu zinasomeka: Mar. Zilizobaki ni wingu.

Maria? Marselina? Mariano? Miaka kumi na mbili tunabishana.

Ijumaa, Novemba 1. Posta

Niliomba ruhusa dukani, nikaenda mjini na Mama Mwenyekiti kwenye misa ya Watakatifu Wote, Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Yeye alibatizwa hapo, na kila Novemba lazima arudi. Kanisa lilijengwa na Wajerumani kati ya 1897 na 1902, likitazama bandari, na ukiwa ndani siku ya joto kama leo unaielewa ile kazi ya dari refu.

Misani nilikumbuka ninavyoipenda Litania ya Watakatifu, kwa sababu moja ya kikatibu: ni orodha. Mmoja anataja jina, umati unajibu "utuombee", linakuja lingine. Kuna majina nisiyoyajua habari zake hata kidogo, nayaitikia hivyo hivyo tangu utoto, na kwa kuyaitikia pamoja na wenzangu yamekuwa kama ya wajomba walioishi mbali. Padre alipofika kwenye maneno ya Bwana, "Fanyeni hivi kwa ukumbusho wangu," niliona kitu ambacho huenda wenzangu mlishakiona zamani. Neno ni "fanyeni". Hakumwambia Petro peke yake akae pembeni akumbuke.

Tukatoka tukatembea hadi Sanamu ya Askari. Mama Mwenyekiti alitaka kupumzisha miguu kwenye kivuli, mimi nikazunguka kusoma maandishi. Sanamu ipo pale tangu 1927, kwa ajili ya askari na wapagazi Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Kabla yake, enzi za Wajerumani, palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, kamanda wao, Waingereza wakaiondoa walipouteka mji 1916. Maandishi ya sasa yanasema ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Yameandikwa kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu na za Kirumi, na kwa Kiingereza. Nimezunguka pande zote. Hakuna jina hata moja la mpagazi.

"Walikosa katibu," alisema Mama Mwenyekiti nilipomwambia.

Jioni nikapitia Kariakoo, mishumaa pakiti nne, chokaa, brashi mbili. Fyekeo tutaazima.

Jumamosi, Novemba 2. Makaburi ya Kinondoni

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa getini. Coaster ya Mabwepande haikuwepo. Saa moja, haipo. Waliobaki na kinyongo wakaanza kupata maneno: "Si tuliwaambia?" Saa mbili kasorobo ikaingia, foleni ya Tegeta imewatafuna, wakashuka watu kumi na tisa wakiwa wamevaa vitenge vya aina moja. Hapo nikaona wivu kidogo, nikiri. Sisi hatuna sare.

"Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele na milele, amina."

Salamu iliitikiwa kwa nguvu, halafu kila upande ukabaki upande wake. Mwenye kuvunja ukuta huo hakuwa padre wala mwenyekiti. Ni bibi mmoja wa Mabwepande, fimbo mkononi, aliyemwona mama mmoja wa kwetu akisugua kaburi la mumewe kwa brashi kavu, akamwambia, "Mwanangu, chovya, chokaa si unga wa ngano." Wakacheka. Yule bibi akapewa ndoo ageuze aikalie. Kufika saa tatu ilikuwa vigumu kujua nani wa wapi, isipokuwa kwa vitenge.

Kinondoni pamebanana. Unapita kwa kuinua miguu kama kuku kwenye matope, kaburi la vigae limeegemea la saruji, la saruji limeegemea msalaba wa mbao usio na maandishi. Vijana wa pale wanakufuata, "Mama, nikusafishie?" Wengine walikuwa wamesimama kwenye kaburi la Steven Kanumba, aliyezikwa hapa Aprili 2012, wakipiga picha. Sisi tulifyeka, tukang'oa magugu, tukapaka chokaa, tukawasha mishumaa, na upepo ukaizima, tukawasha tena.

Katekista alizungumza kidogo. Alitukumbusha kwamba siku hii tumeirithi kutoka kwa watawa: Abate Odilo wa Cluny, Ufaransa, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, aliagiza nyumba zake zote ziwaombee marehemu wote siku moja, kesho yake Watakatifu Wote, na desturi ikaenea Kanisa zima. "Siku moja," alirudia, "ili hata asiye na mtu wa kumwombea asikose." Kisha nikafungua kaunta buku.

Nilisoma kwa dakika kama ishirini. Kila jina, "Apumzike kwa amani." Watu wa Mabwepande walinisahihisha mara mbili: jina moja tulikuwa tumelirudisha kimakosa mwaka 2016, tukamwandika mdogo badala ya kaka. Mdogo mwenyewe yupo hai, anaendesha bajaji Bunju. Tumemwombea raha ya milele miaka minane. Walicheka mpaka wakashikana mabega, na mama mmoja akasema labda ndiyo maana hajawahi kupata ajali.

Nikafika kwenye wingu la mwisho. "Mar," nikasema, nikanyamaza kama ilivyo desturi.

Mweka Hazina alikuwa nyuma kabisa, amesimama peke yake karibu na ukuta. Amezeeka. Alisema bila kupaza sauti, "Huyo ni Mama Vitumbua."

Wote tulimjua Mama Vitumbua. Alikuwa mpangaji wa chumba kimoja, hana ndugu mjini, ameingia kwenye jumuiya mwaka ule ule wa 2011. Tuliobaki Kigogo tuliamini alihamia Mabwepande. Nikawatazama wale wa vitenge, na nyuso zao zikanijibu kabla ya midomo: wao waliamini amebaki Kigogo. Miaka kumi na mbili na ushee, kila upande ukidhani anakaanga vitumbua upande wa pili.

Alikufa hospitalini tarehe 19 Desemba. Katibu wa wakati ule aliandika jina lake jioni ile ile, kwa peni yake ya wino wa maji aliyoipenda, na usiku uliofuata mvua ikaanza. Waliomzika ni Katibu huyo na Mweka Hazina tu, huku sisi wengine tukivua magodoro kwenye maji. Katibu yule naye alifariki 2014. Akabaki mtu mmoja tu mwenye habari hiyo, na mtu huyo ndiye ambaye hatukuwa tukizungumza naye.

Mweka Hazina akataja jina lake la ubatizo, kamili. Silirudii hapa, limeshaandikwa linapotakiwa kuandikwa.

Halafu, bila kuulizwa, akasema, "Laki mbili na themanini. Jeneza, sanda, gari, wachimbaji. Gari lilikuwa ghali, barabara zilikuwa maji." Akatulia. "Elfu sitini nilikula. Tulikuwa tunalala darasani, watoto wanne."

Mama mmoja akasonya, nilimsikia wazi. Mwingine akauliza kwa nini hakusema siku zote hizo. "Mlishaniita jina," alijibu. Na kweli tulishamwita. Risiti hakuna, mashahidi wamekufa, na sitawadanganya kwamba kila mtu aliridhika. Kuna ambao hesabu ile haijawaingia mpaka naandika haya. Ila Mama Mwenyekiti alisema, "Katibu, endelea," na mimi nikaitaja Mar yote, kwa mara ya kwanza, na watu zaidi ya hamsini wakaitikia kwa sauti ambayo hawakuwa nayo kwa majina mengine.

Kaburi tulilitafuta. Aliongoza yeye, akihesabu kutoka kwenye mwembe. Mahali alipotuonyesha kuna kaburi la vigae vya buluu la mtu mwingine kabisa, na jingine ubavuni. Katikati pamebaki nafasi ya upana wa kiganja na nusu. Msalaba wa mbao haupo. Tuliweka mshumaa kwenye nafasi hiyo, tukasali: "Raha ya milele uwape ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie." Yule bibi wa fimbo akamwaga maji yaliyobaki kwenye chupa yake.

Jioni nyumbani nilimweleza bibi jirani, aliyeanika kaunta buku yetu. Alinyamaza, akasoma Fatiha. Sisi huwa hatujiulizi juu ya hilo. Yeye akiwasomea hitima wake, sisi tunapeleka sukari. Kisha akafungua fundo la khanga, akatoa noti ya mia tano iliyokunjwa ikawa ndogo kama punje ya mhindi. "Vitumbua vitano," alisema. "Alinikopesha. Nilijua nitamlipa akirudi kutoka Mabwepande."

Jumapili, Novemba 3. Pugu

Miguu inauma, nitaandika kwa kifupi nikiweza.

Tulikutana Gongo la Mboto, daladala zote zikiwa nyeupe kwa vumbi la ujenzi wa njia ya mwendokasi, tukaanza kutembea kwenda Kituo cha Hija Pugu. Bibi wa fimbo tulimpandisha bajaji kwa nguvu. Kwaya ya Mabwepande ilianzisha nyimbo, yetu ikadakia sauti ya nne, ile aliyoimba marehemu fulani wa wingu namba saba. Njiani vijana wakaanza kubishana mpira, nikashukuru, maana tangu jana watu walikuwa wanaongea kwa adabu mno.

Pugu kwa watu wengi ni mnada wa ng'ombe na msitu. Wengine wanakumbuka chuo cha Mtakatifu Fransisko, alikofundisha Mwalimu Nyerere kabla ya kuacha kazi 1955 kwa ajili ya TANU. Kwa Wakatoliki wa Dar es Salaam ni mahali pa mwanzo na pa kaburi kwa pamoja. Wabenediktini wa kwanza kutoka St. Ottilien, Ujerumani, walifika hapa 1888 kuishi kati ya Wazaramo. Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani, dhidi ya kampuni ya Wajerumani iliyokuwa ikiitawala pwani hiyo, misheni ilivamiwa ikateketezwa. Wakauawa Sista Martha, Bruda Petrus na Bruda Benedikt. Wengine walitekwa, baadaye wakakombolewa kwa fidia.

Hapo kwenye kivuli, tukiwa tumemaliza misa na tunagawana mihogo ya kuchemsha, ndipo yalipozuka mazungumzo ambayo sikuyapanga. Mzee mmoja wa Mabwepande, Mzaramo wa Kisarawe, alisema, "Nyie mnasema waliuawa na waasi. Kwetu babu walisema walikuwa wanalinda nchi." Kijana mmoja akataka kumkatiza. Mama Mwenyekiti akamkatiza kijana.

Mzee hakuwa na ubaya. Alieleza kwamba watu wa pwani waliona bendera ya kampuni ikipanda na hawakutofautisha mwenye kanzu ya utawa na mwenye bunduki. Abushiri akanyongwa Pangani Desemba ile ile ya 1889, na aliyemshinda ni Wissmann. Nikamkumbuka yule wa sanamu iliyoondolewa Posta, nikawaambia. Wengi hawakujua. "Kwa hiyo aliyeshinda hana sanamu," alisema mzee, "na sista ana watu wanaomtembelea kwa miguu." Akamega muhogo. "Mimi nawaombea wote watatu, na nawaombea na babu zangu. Padre alishaniruhusu zamani."

Binafsi nadhani mzee yule ametusaidia kuliko mahubiri mengi. Tangu utoto nimeisikia habari ya Pugu kwa upande mmoja, ikiwa imenyooka kama rula. Leo nimeisikia ikiwa na watu pande zote mbili, na haikunifanya nimpende Sista Martha pungufu. Nilitamani tu kwamba 2012 tungekuwa na mtu kama huyu kati yetu, wa kusema, "Subirini, upande wa pili nao una la kueleza." Kumbe tulikuwa naye. Alikuwa Mabwepande.

Wakati wa sadaka niliweka ile mia tano ya bibi, bado imekunjwa. Sikujua niikunjue au niiache. Niliiacha.

Kabla ya kuagana likaja suala la kaunta buku. Mabwepande wanayo orodha yao wenyewe, tangu 2012, majina kumi na manne, kwenye daftari dogo la shule lenye picha ya twiga. Sisi tunayo yetu. Mtu akapendekeza nipige picha kwa simu nitume kwenye grupu, mambo yaishe. Bibi wa fimbo akauliza, "Na simu ikilowa?" Ikakubaliwa majina yote yaandikwe kwenye kaunta buku, yao kwa mkono wao, na kwa hiyo itakwenda Mabwepande, irudi Kigogo wiki ya Pasaka, na kuanzia hapo iwe inakwenda na kurudi. Mwenye kuibeba, walisema watu wa Mabwepande, ni Mweka Hazina.

Watu wa Kigogo walinitazama mimi. Nimekaa na buku ile miaka kumi. Naijua kwa vidole.

Nikaitoa mkobani, nikaifunga kwa mfuko wa nailoni niliokuwa nimeuficha tangu ilipopigwa marufuku, 2019, nikamkabidhi. Aliishika kwa mikono miwili. Nilikuwa na mengi ya kusema, lililotoka ni moja.

"Shikamoo mzee. Tafadhali, wasitumie peni ya wino wa maji."